Tambi: Marco Polo alizitoa China, au tulipigwa kamba?

#1 Mpishi_wa_Zamu
Wakuu habari. Niko Dubai, jikoni, mwaka wa sita sasa. Mpishi wetu mkuu ni Mtaliano wa Napoli, na pembeni kuna kijana wa Kichina anayevuta tambi kwa mkono. Juzi yule kijana akamtania bosi: "Hicho unachojivunia mlikitoa kwetu, Marco Polo alikuwa mchukuzi tu." Jiko zima kimya. Mpaka leo hawaongei. Bosi akitaka chumvi iliyo mbele ya Mchina, anamtuma mtu wa tatu.

Kiherehere changu nikasema hata sisi shuleni tulifundishwa hivyo. Matokeo yake zamu zote za usiku ni zangu. Naombeni hoja. Ni kweli Marco Polo, yule msafiri wa Venice wa karne ya 13, alipeleka tambi Italia?

#2 Kasuku_Mtulivu
Naweka kiti hapa.

#3 MzeeWaNyaraka
Mlipigwa kamba. Piga hesabu ya miaka tu. Polo aliondoka Venice 1271 akiwa na miaka 17, akarudi 1295. Sasa kuna hati ya Genoa ya 1279, orodha ya mali ya askari mmoja, na ndani yake limetajwa kapu lililojaa makaroni. Mwaka huo Polo yuko China kwa Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia, hajui hata kama atarudi kwao.

Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1154 al-Idrisi, aliyemwandikia mfalme Roger wa Sicily kitabu cha jiografia, anautaja mji wa Trabia karibu na Palermo. Anasema pana vinu vya maji, na zinatengenezwa tambi nyingi mno, zinapakiwa majahazini kwenda Calabria na nchi za Waislamu na za Wakristo. Hapo imebaki miaka 100 Polo azaliwe.

Hadithi ya mchukuzi ilinenepeshwa Marekani. Mwaka 1929 jarida la watengenezaji wa tambi wa huko lilitoa kisa cha baharia wa Polo eti jina lake Spaghetti. Tangazo la biashara hilo, mwalimu wako akakuandikia ubaoni.

#4 BintiMkunazini
Ahsante Mzee. Niongeze kwamba neno la Idrisi ni *itriyya*, la Kiarabu. Kwa hiyo kama kuna mchukuzi, ni Mwarabu aliyeingia Sicily, si Polo. Tambi zetu za futari hapa Unguja, za sukari, iliki na zabibu, bibi yangu akisema zilikuja na majahazi ya Ghuba. Hakuwahi kumtaja Mchina wala Mtaliana.

#5 KamandaTumbo
Tambi za sukari ni kosa la jinai.

#6 BintiMkunazini
@KamandaTumbo njoo Ramadhani, ule sahani moja, halafu urudi hapa kutubu.

#7 Mbongo_Padova
Nawasoma nikiwa Italia. BintiMkunazini ana hoja. Kule chini kabisa, Salento, kuna mlo wa dengu na tambi wanauita *ciceri e tria*. Hiyo *tria* ndiyo *itriyya* yenyewe, imebaki mezani. Ila ukimwambia Mtaliano kwamba ni ya Mwarabu, atakwambia Waarabu nao walilitoa neno kwa Wagiriki, *itrion*. Kila mtu ana mtu wa nyuma yake.

#8 Jabali_la_Hoja
Jamani msimdhulumu Mchina. Mwaka 2005 walitangaza kwamba Lajia, pembezoni mwa Mto Manjano, kulifukuliwa bakuli lililopinduka, ndani yake tambi za miaka 4,000. Miaka elfu nne! Idrisi wenu ni wa juzi.

#9 MzeeWaNyaraka
@Jabali_la_Hoja hakuna anayebisha kwamba China ni kongwe. Swali ni nani alibeba. Na zile za Lajia walisema ni za nafaka ndogo ndogo, jamii ya ulezi, wakati za Sicily ni za ngano ngumu inayokaushwa ikakaa miezi melini. Watu wawili wanaweza kukanda unga na maji bila kuulizana. Chapati nazo tuseme nani kamwibia nani?

Halafu soma Polo mwenyewe. Akiwa Sumatra anaeleza miti inayotoa unga, na katika toleo la kitabu chake la Ramusio, mhariri Mtaliano, la 1559 anasema unga ule wanaupikia lasanya. Mtu anayetumia neno lasanya kukueleza kitu kigeni, lasanya alikuwa anaijua toka kwao.

#10 Jabali_la_Hoja
Sasa hapo ndipo ninapotaka kufika. Huyo Polo kweli alifika China? Mwaka 1995 mtafiti Mwingereza Frances Wood alitoa kitabu kizima cha kuuliza hilo. Mtu kaishi kwa Khan miaka 17 asitaje chai? Asitaje vijiti vya kulia? Asitaje Ukuta Mkuu, wala wanawake kufungwa miguu ili ibaki midogo? Na majina ya mahali anayaandika kwa Kiajemi. Daraja lile la mawe karibu na Beijing analiita *Pulisanghin*. *Pul* ni daraja kwa Kiajemi. Kumbukumbu za Kichina nazo hazina jina lake. Nadhani alikaa bandari ya Bahari Nyeusi akasikiliza Waajemi wakipiga soga.

#11 MsafiriGZ
Hoja hiyo ndiyo inayonichekesha kila nikiisikia. Mimi nafunga mzigo Guangzhou mwaka wa tisa huu. Vigae, pochi, taa, mashine za kukamua miwa. Ukuta Mkuu nimeuona kwenye pakiti ya betri. Vijiti nashika kama kalamu mbili. Kichina changu ni "bei gani" na "punguza". Nakula kwa mama mmoja Mkongo anayepika ugali ghorofani. Ukilifungua daftari langu utakuta bei, uzito, rangi, na nani ananidai. Chai hakuna.

Kwa hiyo miaka 700 ijayo atatokea profesa atoe kitabu, *MsafiriGZ Hakufika China*.

#12 KamandaTumbo
😂😂 Mkeo ameshaanza kukiandika hicho kitabu.

#13 MzeeWaNyaraka
@MsafiriGZ umenena. Na Ukuta unaouona kwenye betri yako sehemu kubwa ni wa enzi ya Ming, ulijengwa baada ya 1368. Polo alishazikwa 1324. Asingeutaja hata angetaka.

Kiajemi pia si ajabu. Wageni waliomtumikia Khan, wengi walitoka Asia ya Kati na Uajemi, na Kiajemi ndicho kiliwaunganisha. Wewe hapo Guangzhou na Mnigeria na Mghana mnaongea nini? Kichina?

#14 Jabali_la_Hoja
MsafiriGZ ni mchuuzi (samahani mkuu). Polo anasema alitawala mji wa Yangzhou miaka mitatu. Gavana asiyejua chai? Na anasema yeye, baba yake na baba yake mdogo ndio waliotengenezesha mitambo ya kurusha mawe iliyoangusha Xiangyang. Mji ule uliangushwa 1273, na yeye kafika karibu 1275. Historia ya Yuan, kumbukumbu rasmi za enzi ya Wamongolia China, inawataja mafundi wa mitambo ile, ni Waislamu, Ismail na Alauddin. Huo ni uongo uliopimwa kwa rula.

#15 MzeeWaNyaraka
Xiangyang nakubali, pale kapaka mafuta. Yeye au Rustichello, yule mwandishi wa visa aliyefungwa naye gerezani Genoa, 1298, aliyekuwa anaandika Polo akisimulia. Kitabu kimepita mikononi mwa wanakili wengi, miswada iliyobaki ni zaidi ya 130 na haifanani. Hata hilo la kutawala Yangzhou kuna wanaosema ni neno moja tu la Kifaransa, *kukaa* limesomwa *kutawala*.

Lakini jibu hili. Mwaka 1941 msomi Mchina Yang Zhijiu alikuta katika nyaraka za kale agizo la 1290 kuhusu posho ya wajumbe watatu waliokuwa wakipelekwa kwa Arghun, mtawala wa Uajemi. Majina yao matatu ndiyo yale yale Polo aliyoyaandika, kwamba alisafiri nao kwa meli wakimsindikiza binti mfalme Kokachin. Mpiga soga wa Bahari Nyeusi angeyajuaje?

#16 Jabali_la_Hoja
Angeyajua kwa mtu aliyekuwemo. Hati inataja wajumbe, Polo haimo. Umejipiga mwenyewe.

#17 MsafiriGZ
Mchuuzi naomba kusema. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, Hans Ulrich Vogel, alimpima Polo kwa vitu vyetu sisi wachuuzi: noti za karatasi, ushuru wa chumvi, na makombe yaliyotumika kama pesa kule Yunnan. Karatasi ya gome la mforosadi, noti za ukubwa mbalimbali, muhuri mwekundu, ukibadilisha iliyochakaa unakatwa asilimia tatu. Akaona yanalingana na nyaraka za Kichina kuliko mwandishi mwingine yeyote wa Magharibi, Mwarabu au Mwajemi wa wakati ule. Mtu anayekumbuka makato ya noti chakavu, huyo kaliwa makato. Hilo halisimuliwi kwenye soga.

#18 Mwl_Sarufi
Nakatisha kidogo. Hayo makombe ni kauri, yale ya Maldivi. Polo aliyaita *porcellana*, na vyombo vyeupe vya Kichina akaviita *porcellana* vile vile, kwa kung'aa kwake. Ndipo Ulaya ikapata jina la vyombo hivyo. Sasa tazameni Kiswahili: kauri ni kombe la pwani, na vyombo vya kauri ni vile vile vya Kichina. Sisi na Mtaliano tumeazima jina kwenye ganda moja.

#19 BintiMkunazini
Mwalimu, hiyo nimeipenda kuliko tambi.

#20 Kasuku_Mtulivu
Kiti changu kimeota mizizi.

#21 Dada_Kitabu
Nilisoma Yangzhou miaka miwili, mji huo huo Jabali anaosema Polo aliutawala. Polo ana makumbusho yake pale, na watu wa Kroatia nao wanadai alizaliwa kwao, Korčula. Acheni niwaambie kilichonishika mimi, maana si Polo.

Mwaka 1951, ukuta wa zamani wa mji ukibomolewa, lilitokea jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kilatini. Linasema hapa amelala Katerina, binti wa marehemu Domenico, aliyefariki Juni 1342. Juu yake kuchorwa Bikira Maria na Mtoto, na mateso ya Mtakatifu Katerina, magurudumu na yote. Ila wachoraji walikuwa Wachina, unaona katika mikunjo ya nguo na viti. Baadaye likapatikana la kaka yake, Antonio, 1344.

Nilikuwa na miaka 20, mbali na nyumbani. Nikaona huyu naye ni binti wa watu, baba yake mfanyabiashara, kazikwa mji niliopanga chumba. Polo mnambishania kama alifika. Katerina yupo.

#22 Kinyozi_wa_Raskazone
Dada umeniondolea utani mdomoni.

#23 MzeeWaNyaraka
Ahsante Dada_Kitabu. Familia hiyo ni ya Vilioni wa Venice, kuna Vilioni mwingine aliyeacha wosia Tabriz 1264. Kwa hiyo wafanyabiashara wa Venice walijipanga njia nzima.

#24 Mbongo_Padova
@MzeeWaNyaraka hapo taratibu. Wengine wanasoma jina lile *Ilioni*, na Domenico Ilioni anatajwa katika hati ya Genoa ya 1348, kuhusu mali ya mtu aliyeishi Catai, ndivyo walivyoiita China. Kwa hiyo huenda ni Mgenoa. Kwa watu wa wakati ule hiyo si tofauti ndogo, Venice na Genoa walikuwa wanazamishana meli. Nchi inayoitwa Italia ni ya 1861.

#25 MzeeWaNyaraka
Nimepokea. Kilatini cha kwenye mawe kimewahi kunitia aibu kabla ya leo.

#26 Jabali_la_Hoja
Na mimi nakubali la Katerina. Nawaongezea risasi dhidi ya Polo wenu: watawa Wafransisko. Giovanni wa Montecorvino alifika Khanbaliq, Beijing ya leo, 1294, akajenga kanisa lenye mnara na kengele tatu, akanunua watoto 40 akawafundisha kuimba Kilatini, akawa askofu mkuu 1307. Odoric wa Pordenone alirudi 1330, na huyo *anataja* miguu iliyofungwa, kucha ndefu za matajiri, na ndege wa kuvulia samaki. Ndiyo maana namwamini zaidi.

#27 MsafiriGZ
Mtawa ana muda wa kutazama kucha za watu. Mimi natazama kontena.

#28 Mwl_Sarufi
@Jabali_la_Hoja umesahau Marignolli. Mjumbe wa Papa, alifika 1342, mwaka ule ule aliofariki Katerina. Alipeleka farasi mkubwa mweusi, miguu ya nyuma myeupe. Khan alifurahi, farasi akachorwa, washairi wakamtungia. Historia ya Yuan imeandika: nchi ya *Folang*, yaani Wafaranki, watu wa Ulaya, imeleta farasi wa ajabu. Marignolli mwenyewe hatajwi popote.

#29 KamandaTumbo
Ngoja. Kwa hiyo Polo hayumo, mtawa hayumo, FARASI yumo?

#30 Kinyozi_wa_Raskazone
Ndugu yangu hata sisi! Twiga wa Malindi yumo kwenye vitabu vyao, 1414, kapakiwa na Zheng He. Aliyempeleka twiga anajulikana jina?

#31 BintiMkunazini
Wa 1414 alitoka Bengali. Wa Malindi ni 1415. Lakini la msingi umelisema, bwana. Peleka mnyama ukumbukwe, kwenda mwenyewe hakutoshi.

#32 MzeeWaNyaraka
Hilo linapunguza nguvu hoja ya "kumbukumbu za Kichina hazina jina la Polo". Hazina jina la mjumbe wa Papa, wakati huyo hakuna anayebisha kwamba alifika.

#33 Jabali_la_Hoja
Inapunguza. Haiui.

#34 Kinyozi_wa_Raskazone
Kwani Polo huyu si ndiye aliyetuandika na sisi? Nilisikia kataja Zanzibar.

#35 MzeeWaNyaraka
Kaandika "Zanghibar". Anasema ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000, pembe za ndovu tele, twiga wapo. Anasema mtu mmoja wa huko hubeba mzigo wa watu wanne, na si ajabu kwa kuwa anakula chakula cha watu watano. Hakufika, alisimuliwa. Ni pwani ya Wazanji nzima kaigeuza kisiwa. Madagascar nayo kaijaza ngamia na tembo, wengi wanaona aliichanganya na Mogadishu.

#36 Kinyozi_wa_Raskazone
Chakula cha watano? Huyo alikutana na KamandaTumbo.

#37 KamandaTumbo
Mzigo wa wanne mbona hamuusemi?

#38 BintiMkunazini
Maili 2,000! Unguja naimaliza kwa daladala asubuhi na narudi kupika. Ibn Battuta yeye alikanyaga, Mombasa na Kilwa 1331, halafu akaenda China. Ingawa naye safari ya China wanamtilia shaka.

#39 Jabali_la_Hoja
Umeona? Akituandika sisi uongo mnacheka, akiwaandika Wachina mnamtetea.

#40 MsafiriGZ
Sisi alisimuliwa, na ndiyo maana kakosea. Linganisha maelezo yake ya Zanghibar na ya noti za Khan. Tofauti ya mtu aliyesikia na aliyelipa iko wazi.

Na hata baada yake wapo waliotegemea kusikia wakafanya vizuri. Pegolotti wa Florence, wa kampuni ya Bardi, karibu 1340 aliandika mwongozo wa biashara. Anasema njia ya Tana (bandari karibu na Bahari Nyeusi, si mto wetu) hadi Catai ni salama usiku na mchana, fuga ndevu, fedha yako utabadilishiwa karatasi ukifika, na usibane pesa kwa mkalimani, mbaya atakugharimu zaidi. Mwenyewe hakwenda! Lakini la mkalimani naliapia. Mwaka wangu wa pili nilichukua wa bei chee, nikapokea katoni 40 za viatu vya mguu wa kushoto. Wa kulia mpaka leo wako njiani.

#41 KamandaTumbo
Uza kwa wanaokula chakula cha watano, miguu wanayo.

#42 Mbongo_Padova
Turudi kwenye urithi wenyewe, maana tambi zimetuponza. Kilichotoka China kikaonekana Italia ni kitambaa. Hariri ya Catai ipo kwenye hati za Genoa toka 1257, Polo ana miaka mitatu. Cangrande wa Verona alizikwa 1329, kaburi likafunguliwa 1921 wakamkuta kavikwa hariri za Asia. Waliziita vitambaa vya Kitatari, na wachoraji wakaanza kuwavika malaika. Hapa kwetu Padova, ukutani alipochora Giotto karibu 1305, mapindo ya mavazi yana michoro kama maandishi ya Kimongolia.

#43 Mwl_Sarufi
"Kama". Wengine wanasema ni mapambo yanayoiga Kiarabu tu.

#44 Mbongo_Padova
Nimeyatazama mara nne na nimebadili mawazo mara nne.

#45 Dada_Kitabu
Mnasahau waliokuja upande wa pili. Rabban Sauma, mtawa Mkristo aliyezaliwa Beijing, alitua Napoli 1287, akapita Roma na Genoa. Napoli alikaa juu ya paa akitazama vita vya meli, akashangaa wapiganaji hawamgusi asiye vitani. Yeye ndiye aliyewaona Wataliano kwa macho ya mgeni, na hakuna uwanja wa ndege wenye jina lake. Venice upo wa Polo.

#46 Mpishi_wa_Zamu
Wakuu, ahsanteni. Naleta mrejesho: nilimpelekea bosi ile ya Genoa, 1279. Akanikumbatia. Akaniita kaka. Nikaona niongeze ya Idrisi, kunogesha. Alipofika kwenye neno *itriyya* akanyamaza, lakini muokaji wetu Msiria alikuwa anasikiliza. Sasa Msiria anasema tambi ni zao, Mchina kaonyesha picha ya bakuli la miaka 4,000 kwenye simu, na bosi anapiga simu Napoli kumuuliza mama yake.

Zamu za usiku bado ni zangu.

#47 KamandaTumbo
Wapikie za sukari wote.

#48 BintiMkunazini
@Mpishi_wa_Zamu kaanga tambi kwanza kwenye samli mpaka zibadilike rangi, moto mdogo, maji ya moto kidogo kidogo, sukari na iliki mwisho. Zabibu usizipike sana. Mwambie Msiria alete lozi.

#49 Kasuku_Mtulivu
Samli au mafuta ya nazi?